Foleni isiyo na chanzo: hesabu za kuendesha gari Dar na kufika salama

Tuanze na kitu ambacho kila dereva wa Dar es Salaam anakijua. Umetoka Tegeta asubuhi, uko Barabara ya Bagamoyo, magari yanasogea kidogo, yanasimama, yanasogea tena. Unajiambia huko mbele lazima kuna ajali, au lori limeharibika, au trafiki ameushika upande wetu. Dakika 20 baadaye foleni inafunguka yenyewe. Unaangalia kulia, unaangalia kushoto: hakuna kitu. Hata kipande cha kioo hakipo barabarani. Sasa muda wote ule ulikuwa unasubiri nini?

Jibu fupi ni kwamba ulikuwa unasubiri breki ya mtu ambaye pengine muda huo alishafika kazini na anakunywa chai. Jibu refu ndiyo makala haya. Mimi utafiti wangu ni wa hesabu za mtiririko wa magari, na nikitoka maabara naendesha kaIST kadogo kama watu wengi tu mjini hapa, kwa hiyo mambo haya nayaona kwenye kompyuta halafu nayaona tena kwenye kioo cha mbele. Na kote kuwili kuna kitu kimoja kinachojirudia: pengo kati yako na gari la mbele. Pengo hilo hilo ndilo linaloamua foleni itakua au itakufa, na ndilo linaloamua kama mtoto anayevuka barabara atafika ng'ambo. Wengi tunalichukulia kama upumbavu, yaani nafasi ya kuachia wengine wapite. Hebu tulipigie hesabu.

Magari 22 kwenye duara

Mwaka 2008 kikundi cha wanasayansi wa Japani kikiongozwa na Yuki Sugiyama wa Chuo Kikuu cha Nagoya kilichapisha jaribio rahisi sana. Walichora duara lenye mzunguko wa mita 230 kwenye eneo tambarare, wakapanga magari 22, wakawaambia madereva waendeshe kwa kasi ya kama kilomita 30 kwa saa wakifuatana kwa usalama. Basi. Hakuna mataa, hakuna daladala linaloshusha, hakuna shimo, hakuna njia inayopungua kutoka tatu kuwa mbili. Mwanzoni magari yalizunguka vizuri tu. Baada ya muda foleni ikazaliwa, magari kadhaa yakawa yanasimama kabisa, na foleni hiyo ikawa inazunguka duara kwa kurudi nyuma.

Kilichotokea ni hiki. Dereva mmoja alisogea karibu kidogo na wa mbele yake, akagusa breki. Wa nyuma yake alichelewa kama sekunde moja kuona na kuitikia, na kwa kuwa amechelewa ikabidi akanyage zaidi kidogo kuliko yule wa kwanza. Wa tatu zaidi kidogo tena. Ukifika wa kumi, ule mguso mdogo umeshakuwa kusimama. Hakuna aliyekosea sana. Kila mmoja ameongeza kidogo tu, kama umbea unavyonenepa kutoka mdomo hadi mdomo.

Ukigawa mita 230 kwa magari 22 unapata mita 10 na nusu kwa kila gari, na gari lenyewe linakula nne au tano. Mapengo yalikuwa madogo. Kukiwa na magari machache zaidi kwenye duara lile lile, mguso wa breki unamezwa na nafasi iliyopo, wa nyuma halazimiki kufanya lolote, na wimbi linakufa kabla halijawa wimbi.

Wimbi la namna hii linarudi nyuma kwa kasi ya kama kilomita 20 kwa saa. Magari yanaenda mbele, foleni inaenda nyuma. Kwa hiyo kama daladala lilisimama ghafla pale Mwenge kumshusha abiria, na wewe uko kilomita 5 nyuma kwenye barabara iliyojaa, foleni yake inakufikia baada ya robo saa. Wakati huo daladala lenyewe lipo Makumbusho, konda anaita abiria wengine. Ndiyo maana hukuona kitu.

Wazo la kulitazama gari kama sehemu ya wimbi ni la zamani kuliko jaribio la Japani. Wanahisabati wawili wa Uingereza, Lighthill na Whitham, waliliandika mwaka 1955. Kinachonifurahisha ni kwamba kazi yao ilikuwa na sehemu mbili: ya kwanza ilihusu mafuriko kwenye mito mirefu, ya pili ndiyo ikaja kwenye magari. Kwao hesabu ilikuwa ile ile. Mtu wa Jangwani ambaye kila masika anaona Mto Msimbazi ukifunga barabara hatashangaa sana.

Sasa swali la maana: dereva mmoja anaweza kufanya nini? Miaka michache iliyopita watafiti wa Marekani walirudia jaribio la duara huko Tucson, Arizona, wakiwa na magari zaidi ya 20, lakini gari moja tu kati yao likaendeshwa na kompyuta. Kompyuta haikuwa na maajabu. Ilipima kasi ya wastani ya magari ya mbele, ikaenda na wastani huo badala ya kukimbilia kila nafasi inayofunguka. Mawimbi yakatulia kwa duara zima, na matumizi ya mafuta yakashuka hadi asilimia 40 ukilinganisha na pale mawimbi yalipokuwa makali. Gari moja. Mengine yote yaliendeshwa na binadamu wa kawaida.

Na wewe huhitaji kompyuta. Foleni ikisogea, usikurupuke. Kama gari lako ni otomatiki, achia breki, litatambaa lenyewe. Mwache wa mbele asogee, wewe mfuate taratibu ukitegemea kwamba utamkuta akianza kuondoka tena badala ya kumkuta amesimama. Macho yako yasiishie kwenye bampa la mbele. Angalia taa za breki za gari la tatu au la nne. Nikiwa nyuma ya lori au gari lenye vioo vya giza hilo haliwezekani, kwa hiyo hapo naongeza pengo.

"Nikiacha pengo si watachomekea?"

Watachomekea. Tusidanganyane. Hii ni Dar, pengo la mita 6 ni mwaliko wa bajaji mbili na daladala moja. Kila nikieleza habari za mawimbi kwa watu wa nyumbani, hili ndilo swali la kwanza, na ni swali zuri.

Tuseme wamechomekea. Umepoteza kiasi gani? Njia moja ya barabara ikiwa imejaa na inatembea, gari moja hupita mahali fulani kila baada ya sekunde 2 hivi. Hiyo ni magari 1,800 kwa saa kwa njia moja. Kwa hiyo kila anayechomekea mbele yako anakuchelewesha sekunde 2. Tuseme kutoka Mbezi hadi Ubungo wamechomekea watu 15, na hakuna hata mmoja aliyetoka tena kwenye njia yako. Umepoteza sekunde 30. Na tuseme makutano ya mbele yanakupa kijani theluthi moja tu ya muda. Basi zidisha mara tatu, upate dakika moja na nusu. Huo ndio utajiri wote tunaougombania kwa honi, matusi na bampa zilizokwaruzana. Sisemi dakika moja na nusu si kitu. Nasema ujue bei yake kabla hujailipa kwa kumkaribia mtu hadi unasoma stika zake.

Upande mwingine wa hesabu ni kwamba kubana pengo mkiwa mmesimama hakukupi chochote. Taa ikiwaka kijani, kila dereva anaanza kuondoka kama sekunde moja baada ya wa mbele yake. Kama wewe ni wa 30, utaanza kutembea baada ya nusu dakika hivi, hata ukipiga honi ya meli. Mwaka 2017 watafiti wa Virginia Tech, Marekani, walijaribu kuwapanga madereva kwenye mataa kwa mapengo tofauti, kuanzia yale ya bampa kwa bampa hadi ya mita kadhaa. Waliobanana hawakuwahi kupita. Walikuwa karibu zaidi na taa, ndiyo, lakini gari lililobanwa haliwezi kuondoka mpaka kwanza pengo lifunguke mbele yake, na muda wa kufungua pengo ukala faida yote. Wakati huo huo aliyebanana ndiye mwenye nafasi kubwa ya kumgonga mwenzake. Kipimo changu nikisimama ni rahisi: lazima nione matairi ya nyuma ya gari la mbele yanapogusa lami. Likizimika gari lile, nina pa kutokea.

Halafu kuna kutanua. Unaujua mchezo: njia ni mbili, ghafla zimekuwa nne, wawili wakipita kwenye vumbi. Anayetanua anadhani ameongeza barabara. Lakini kinachoamua foleni ni pale pembamba pa mbele, daraja au makutano, na pale hapajaongezeka hata sentimita. Wote wanne watarudi kwenye mbili. Tena kurudi kwenyewe kuna gharama: magari yakishaanza kusimama na kuondoka mbele ya sehemu nyembamba, idadi inayopita kwa saa hupungua kwa asilimia kadhaa ukilinganisha na yale yanayoingia yakiwa yanatembea. Kwa hiyo wanaotanua wanachukua nafasi za wengine na kuupunguza mkate wenyewe. Dawa iliyothibitika pale njia mbili zinapoungana ni moja kwa moja: mmoja wa huku, mmoja wa kule, bila kusimama. Ukimruhusu mmoja aingie umetenda haki. Ukiwaruhusu watano, wa nyuma yako wana haki ya kukasirika.

Kwa nini shule zikifungwa barabara inapumua

Hili kila mtu wa Dar amelishuhudia. Shule zikifungwa, foleni za asubuhi zinapungua kwa namna ambayo hailingani kabisa na idadi ya magari yaliyobaki nyumbani. Wazazi wanaopeleka watoto si nusu ya jiji. Sasa mbona barabara inakuwa nyeupe?

Chukua njia moja inayoweza kupitisha magari 1,800 kwa saa. Kuanzia saa 12 hadi saa 2 asubuhi yanakuja magari 2,000 kwa saa. Ziada ni 200 tu kila saa. Ifikapo saa 2 una magari 400 kwenye foleni. Kila moja likichukua mita 7, hiyo ni foleni ya kilomita 2.8, na wa mwisho anasubiri dakika 13 na ushee kuimaliza. Baada ya saa 2 tuseme wanaokuja wamepungua, wamekuwa 1,400 kwa saa. Foleni itaisha saa 3. Yaani ziada ndogo ya saa mbili imekuletea foleni ya saa tatu.

Sasa punguza asilimia 10. Badala ya 2,000 wanakuja 1,800. Foleni ni ngapi? Sifuri. Hiyo ndiyo siri ya shule kufungwa: foleni haipungui kwa kiwango kile kile cha magari, inaporomoka yote, kwa sababu foleni ni ziada inayorundikana. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoani Dar es Salaam, kutoka milioni 4.3 za mwaka 2012. Huhitaji wote wanunue magari ili barabara zife. Zinahitaji kuvuka ule mstari kidogo tu.

Mchumi William Vickrey alilitazama jambo hili mwaka 1969 kwa upande wa saa ya kuondoka nyumbani. Kila mtu anapima kati ya kufika mapema na kukaa kwenye foleni, na mwisho foleni inajipanga hivi kwamba wote wanalipa sawa: mmoja kwa kuamka mapema, mwingine kwa kusimama Kimara. Kwa mfano wetu, aliyefika pale saa 12 na robo anakuta foleni ya magari 50, dakika moja na nusu tu. Wa saa 2 kasoro robo anakuta 350, karibu dakika 12. Kwa mwanafunzi au mfanyakazi ambaye saa yake haijafungwa, hakuna ufundi wa usukani unaoshinda kubadili saa ya kutoka. Na kama njia yako ina mwendokasi, ambayo ilianza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, basi lake lina njia yake peke yake, kwa hiyo hesabu hizi za foleni hazilihusu mpaka pale wengine wanapoivamia njia hiyo. Kero za vituo vyake ni mada ya siku nyingine.

Na trafiki je? Watu humlaumu sana askari anayezima mataa na kuongoza kwa mkono, akiuachia upande mmoja dakika 10 nzima. Ana mantiki yake. Kila unapobadili upande unapoteza sekunde kama 4 ambazo hakuna anayepita. Makutano ya pande nne yanapoteza sekunde 16 kwa kila mzunguko. Mzunguko ukiwa wa dakika moja, zaidi ya robo ya muda imepotea. Ukiwa wa dakika 2, ni asilimia 13. Kwa hiyo kurefusha kunasaidia, lakini faida inaisha haraka sana. Baada ya dakika 2 au 3 unaokota makombo. Mwingereza Webster alishaonyesha kwa hesabu mwaka 1958 kwamba kuna urefu wa mzunguko ulio bora, na kwamba kuuzidisha kunaongeza kusubiri.

Kinachouma zaidi ni nyuma ya wanaosubiri. Kama njia yao inaletewa magari 900 kwa saa, kwa dakika 10 yamejaa 150, ambayo ni zaidi ya kilomita moja. Foleni imefika makutano ya nyuma na kuyaziba, pamoja na watu ambao hata hawakuwa wanaelekea huko. Trafiki wa mbele haoni hilo, amesimama kwenye makutano yake. Wewe unaweza kusaidia kwa kitu kimoja: usiingie katikati ya makutano kama huoni pa kutokea, hata kama ni kijani, hata kama wa nyuma anakupigia honi. Ukikwama katikati, umefunga pande zote nne peke yako.

Foleni ikiisha

Hapa naomba usome taratibu. Kwenye foleni yenyewe watu wengi wanagongana bampa. Watu wengi zaidi wanakufa pale foleni inapofunguka. Umekaa saa nzima, umechelewa, umechoka, halafu ghafla mbele yako kuna lami tupu, kama Barabara ya Morogoro baada ya Kimara ilivyopanuliwa. Mguu unaenda wenyewe.

Kwenye makazi, mwendo wa juu kisheria ni kilomita 50 kwa saa. Tuchukue magari mawili yanayofanana, yako sambamba, moja liko 50 na lingine 80, lami kavu, breki nzima. Wote wawili wanamwona mtoto kwa wakati mmoja, na wote wanachukua sekunde moja kuitikia. Wa 50 anasafiri mita 14 kabla hajagusa breki, halafu mita 14 nyingine za kusimama. Jumla 28. Wa 80 katika sekunde ile ile ya mshangao ameshakwenda mita 22. Zimebaki mita 6 kufika pale mwenzake aliposimama, na mita 6 za breki hazimfanyi kitu: akipita pale bado yuko zaidi ya kilomita 70 kwa saa.

Rudia hapo. Pale ambapo gari la kwanza limesimama kabisa, la pili linapita na kasi ya 70 na ushee. Sababu ni kwamba nguvu ya mwendo inakua kwa mraba wa kasi. Kutoka 50 kwenda 80 kasi imeongezeka kwa asilimia 60, lakini nguvu ambayo breki lazima ziimeze imekuwa mara mbili na nusu. Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa na gari inaongezeka mara 4.5 kasi inapotoka 50 kwenda 65 tu. Na barabara za dunia zinaua watu kama milioni 1.19 kwa mwaka, zaidi ya nusu yao wakiwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na pikipiki.

Ongeza mvua. Lami ikilowa, umbali wa breki unaweza kukaribia mara mbili, na mvua za mwanzo baada ya kiangazi ndizo mbaya zaidi, kwa sababu vumbi na mafuta ya miezi kadhaa yanageuka utelezi kabla hayajasombwa.

Sasa geuza macho, uwe wewe ndiye unayevuka. Njia nne ni kama mita 14. Mtu mzima anatembea kama mita 1.2 kwa sekunde, kwa hiyo anahitaji sekunde 12. Magari yakija kwa 50, anahitaji nafasi tupu ya kama mita 160. Yakija kwa 80, mita 260. Nani anaweza kukadiria kasi ya taa mbili zilizo mita 260 mbali, usiku, akiwa na mtoto mgongoni? Akikosea, dereva atasema "alijirusha barabarani." Hakujirusha. Alipiga hesabu ya gari la 50.

Kwa hiyo lile pengo la foleni linabadilika sura hapa, linakuwa la kupima kwa sekunde. Chagua nguzo ya taa. Gari la mbele likiipita, hesabu "elfu moja na moja, elfu moja na mbili." Kama umeifikia kabla hujamaliza, uko karibu mno. Kwenye mvua au usiku hesabu hadi nne. Na simu: sekunde 3 za kusoma ujumbe ukiwa 50 ni mita 42 ulizoendesha ukiwa umefumba macho.

Bodaboda uliyoiangalia usiione

Madereva wengi waliogonga pikipiki husema waliangalia na hawakuona kitu, na mara nyingi wanasema kweli. Jicho halitembei kama kamera. Linaruka kutoka hapa hadi pale, na wakati wa kuruka ubongo unazima picha ili usipate kizunguzungu, kisha unaziba lile pengo kwa kukisia. Basi au lori haliwezi kutoshea ndani ya mruko mmoja. Bodaboda ya mbele-mbele, nyembamba, isiyo na taa, inatosha kabisa. Dawa yake ni kuangalia mara mbili, huku na huku, kwa kutua macho: mara ya pili miruko haitaangukia mahali pale pale.

Kwenye foleni wanapita katikati ya njia, wewe umesimama wao wako 30. Ukitaka kuhama njia, indiketa kwanza, sekunde kadhaa, halafu kioo, halafu geuza shingo, ndipo usukani. Indiketa inayowashwa pamoja na usukani ni taarifa ya msiba.

Na ukiwa wewe ndiye mdogo, kwa mfano Barabara ya Mandela yenye malori ya bandarini, kumbuka kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake, na yeye hakuoni. Upande wake wa kushoto ndiko kipofu zaidi, na ndiko bajaji zinapenda kujipenyeza. Lori likikata kona kushoto, matairi ya nyuma hayafuati ya mbele. Yanakata ndani, juu ya chochote kilichopo pale.

Jambo la mwisho ni mlango. Foleni imesimama, abiria wako anasema "nishushie hapa hapa," na anafungua. Bodaboda iliyokuwa inakuja kwa kushoto haina pa kwenda. Mwambie afungue kwa mkono ulio mbali na mlango: aliyekaa kushoto atumie mkono wa kulia, na wewe dereva uliyekaa kulia utumie wa kushoto. Jaribu sasa hivi kwenye kiti ulichokalia. Bega linageuka lenyewe, na macho yanajikuta yanaangalia nyuma.